Taarifa ya Mwenyekiti kwa Madereva wa Malori, Malindi: Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na kwa wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Wazee mlioiendesha barabara ya Lamu ingali mchanga na matope, shikamooni. Nashukuru kuona viti vimejaa. Najua kila aliyeketi hapa ana lori limesimama mahali, na mwenye lori hilo ameshapiga simu mara mbili.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini na kumbukumbu za vikao ziko kwa katibu. Mimi nitakaa sana kwenye jambo moja, kwa kuwa ndilo lililoula mwaka wetu.

Mwezi wa pili kamati ilikubaliana kwamba tusikae chini ya mwembe tukiwabunia wanachama matatizo. Tukazunguka. Tulikwenda kwenye foleni za chumvi Gongoni na Marereni, kwa wenye matipa ya mchanga wa Sabaki, kwa wabeba mawe, na tukafika hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu. Kila dereva na taniboi wake, yaani msaidizi wa lori, tulimuuliza swali moja: kitu gani hasa kinakuchosha na kazi hii? Nakiri nilikuwa nimeshajiandalia jibu, nalo lilikuwa mshahara. Nilishaanza hata kuiandika barua ya kudai nyongeza.

Mshahara ulitajwa, ndiyo, ila mara nyingi ulikuja wa pili au wa tatu. Kilichotangulia ni kungoja. Kungoja kupakia, kungoja zamu ya mizani Mtwapa, kungoja msafara wa polisi, kungoja godauni lifunguliwe, kungoja mwenye mzigo aamke. Na kungoja huko hakulipwi, maana wengi wetu tunalipwa kwa tripu. Gurudumu lisipozunguka, mfukoni hakuingii kitu. Mzee mmoja wa tipa aliniambia kuendesha anakupenda mpaka leo, apewe tu lori zima na barabara, hana ugomvi na mtu. Kilichomshinda ni kulinda mali ya mtu usiku mzima bila hata ahsante.

Chukueni mfano wa chumvi, ambao wengi mnaujua kwa ngozi zenu. Chumvi yetu hukaushwa na jua, kwa hiyo kaskazi ndiyo msimu wa kuvuna, na kila mnunuzi anataka mzigo wake utoke kabla ya masika. Malori yote yanakuja pamoja. Foleni inalala. Huwezi kuondoka kwenda kuoga, kwa sababu ikisonga malori matatu na wewe haupo unarudishwa mkiani. Dereva analala kwenye kebini amekunja magoti, taniboi anatandika mkeka chini ya ekseli na kuamka na chumvi kwenye nyusi. Choo ni kichaka. Maji ya kunywa ni ya dumu, na ya kununua.

Lori nalo linaliwa polepole. Mwezi wa tatu nilimkuta mwenzetu kwenye foleni, amelala chali chini ya trela, anagonga chesisi kwa spana, kipande kwa kipande, kama mtu anayechagua nazi. Mahali pazima palilia kwa sauti kali. Penye kutu palitoa sauti nzito ya kufa, na magamba mekundu yakamwangukia shingoni. Alipofika kwenye bomba la breki hakuligonga. Alilipapasa kwa vidole, akaniita nilipapase na mimi. Lilikuwa limechunika kama ganda la muhogo. Alikuwa ameshaliripoti yadi mara tatu, na mara zote aliambiwa amalize kwanza tripu iliyoko. Alikuwa na saa nyingi za kungoja siku hiyo, lakini hakuna fundi aliyetumwa. Hilo ndilo lililonikera zaidi: muda wa kutengeneza ulikuwepo, tena wa bure.

Upande wa Lamu kungoja ni kwa namna nyingine. Sitawalaumu polisi kwa msafara. Waliopita Nyongoro baada ya basi kushambuliwa pale Januari 2020 hawahitaji kuelezwa kwa nini magari yanakusanywa yaende pamoja. Lami ya Garsen hadi Lamu imetupunguzia mateso makubwa, na wazee mlioketi mbele mtakuwa mashahidi. Lakini ukifika umechelewa, msafara umeondoka, unalala. Ukifika Mokowe na mzigo wa Amu kisiwani, lori halivuki. Mzigo unahamia kwenye mashua, na mashua zina saa zao za maji kujaa na kupwa. Mifuko ya saruji inashuka mgongoni mwa wapagazi mmoja mmoja, nawe unangoja mfuko wa mwisho ushuke ndipo utie sahihi. Na mto ukiamua kupita juu ya barabara, kama Novemba 2023 Tana ilipoikata njia maeneo ya Gamba, hapo hesabu ya siku inakuwa haina maana tena. Waliokwama kule walikula akiba yao yote, na walioagiza mizigo wakawa wanawauliza kwa simu kwa nini wamechelewa.

Sasa sikilizeni jambo la sheria, maana linatugusa shingoni. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla ndani ya saa ishirini na nne. Sheria nzuri. Lakini inahesabu usukani tu. Mtu ameamka saa kumi alfajiri, ameshinda juani kwenye foleni hadi saa tatu usiku, kisha anaambiwa aondoke sasa hivi mzigo ukaamkie Mombasa. Kwenye karatasi hajaendesha hata dakika moja. Kwenye macho ameshamaliza siku. Anapita Kilifi saa saba za usiku, anakutana na vumbi na michepuko ya ujenzi wa barabara, na shavu limejaa muguka, majani ya kutafuna ili usingizi usije. Mwezi wa tano kaunti yetu ilitangaza kupiga muguka marufuku, jambo likaenda mahakamani, na watu wakabishana redioni wiki nzima. Mimi situmii na simsifu anayetumia. Ila katika wote niliowasikia wakimlaani dereva anayetafuna, sikumsikia hata mmoja akiuliza nani aliyempangia safari saa hiyo.

Kule duniani swali hili walishaliona. Mkataba nambari 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, na unakubali kwamba muda ambao dereva yuko kazini anangoja, hana hiari ya kwenda zake, unaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Niliusoma mara mbili. Maneno yale ni yale yale tuliyoyasikia Marereni, tofauti ni kwamba ya Marereni yalikuwa na matusi ndani yake.

Niwaambie na langu, ingawa ni la zamani. Masika moja nilifikisha chumvi godauni moja Mombasa, nikaambiwa hakuna nafasi, nisubiri nje. Turubai langu lilikuwa na tundu, nami nilikuwa nimelisema kabla ya kuondoka. Usiku wa pili mvua ikapiga hadi alfajiri. Nilipoteremka, kulikuwa na maji meupe yanadondoka chini ya mlango wa nyuma, mazito kama tui. Nikachovya kidole nikaonja, kama vile nilitarajia yawe kitu kingine. Tajiri wangu, mwenye lori wa wakati huo, alinikata mshahara miezi mitatu kwa mifuko ile, nami nikatia sahihi kwa shukrani kwamba sikufukuzwa. Ni baada ya miaka ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukatwa kwa kiasi cha haki pale tu mfanyakazi alipoharibu kwa makusudi. Mvua sikuinyesha mimi. Mwenzenu akikatwa, kabla hajatia sahihi aje kwa katibu. Hata usiku aje.

Kutokana na hayo ndipo lilipozaliwa daftari la kuandikia kungoja. Halina ufundi wowote: tarehe, mahali, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na sahihi ya bawabu au karani wa zamu. Wengine mlicheka, na mmoja wenu, simtaji, alisema mwenyekiti ametugeuza watoto wa shule. Lakini tulipoyakusanya ya miezi minne na kuyapeleka kwa matajiri, mazungumzo yalibadilika, kwa sababu hawakuwa tena wanajibizana na malalamiko. Tajiri mmoja alikubali kulipa posho kwa kila siku ya kungoja baada ya ile ya kwanza. Si kubwa, lakini inalipa chakula cha watu wawili na maji ya kuoga. Mwingine alikubali fundi awe anapita kwenye foleni. Wa tatu alimwambia mwanachama wetu achague, daftari au ufunguo wa lori. Aliurudisha ufunguo. Yuko nyumbani mpaka leo, na mchango tuliomfanyia haukutosha. Nilitaka siku ile tusimamishe malori yote. Kamati ilikataa, ikasema mwezi wa shule si wa kugoma. Nilikasirika. Leo naona walikuwa sahihi, ingawa bado sina raha nikipita nyumbani kwake.

Mengine kwa ufupi. Kuanzia Oktoba 2024 makato ya afya ni ya SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara, badala ya NHIF ya zamani. Wanaolipwa kwa tripu wengi hawachangiwi na yeyote, basi jiandikisheni wenyewe msije mkalijua hilo mlangoni mwa hospitali. Nyongeza ya asilimia 6 ya kima cha chini iliyotangazwa Siku ya Wafanyakazi ilianza Novemba 2024, na wenye mshahara wa mwezi waangalie risiti zao. Likizo ni siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila mwaka. Nilipouliza nani ameshawahi kuipata, watu walinitazama kama nimetaja mahari. Upimaji wa macho tulioahidi mwaka jana haukufanyika, na kosa ni langu. Nilimngoja mtu anijibu, na sikumfuatilia.

Limebaki moja la kupigiwa kura leo: taniboi waingie chama kama wanachama kamili au waendelee kuwa wageni. Wapo wanaosema taniboi leo yupo kesho hayupo. Mimi nitapiga kura waingie. Nusu ya madaftari tuliyopeleka kwa matajiri yameandikwa kwa mwandiko wao, sisi tulikuwa tumelala.

Madaftari mapya yako kwa katibu, pale mlangoni, yana jalada gumu safari hii kwa sababu ya zamani yaliliwa na chumvi. Tuanze na kura, tafadhali, kabla ya hesabu. Wapo wanne hapa wanaotaka kuwahi msafara, na lori moja limeziba njia ya mama wa mahamri.