Barua kwa Mwanangu: Kiwiko cha Juan de Pareja

Tanga, Jumapili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, pamoja na picha uliyoiweka katikati ya kadibodi mbili isikunjike, na shikamoo yako nimeipokea kwa furaha: marahaba. Huku hatujambo, kifua cha baba yako kimetulia, na mafundi wangu wawili wanashona sare za shule hadi usiku. Nyuma ya picha uliandika swali moja tu, "Mama, huyu ni nani?", nami nikakujibu kwa simu siku ileile, bila kufikiri, kwamba ni bwana mkubwa, pengine balozi, kwa kuwa kola ya lesi nyeupe namna ile haivaliwi na mtu wa kutumwatumwa. Ulicheka, ukaniambia nimtazame kiwikoni. Nimemtazama kwa majuma matatu sasa, na nimesoma kila nilichoweza kukipata juu yake na juu ya aliyemchora, kwa hiyo jibu langu la pili litakuwa refu.

Jina lake ni Juan de Pareja. Alizaliwa Antequera, kusini mwa Uhispania, mwanzoni mwa karne ya 17, na picha hiyo ilipochorwa mjini Roma mwaka 1650 alikuwa mtumwa wa mchoraji mwenyewe, Diego Velázquez. Kazi aliyopewa ilikuwa kusaga rangi, kutayarisha turubai na kufuatana na bwana wake safarini. Sisi wa pwani, ambao Pangani iko jirani yetu, hatuhitaji kufafanuliwa neno mtumwa; nilichokuwa sikijui ni kwamba Seville, mji mkubwa wa huko Uhispania, zama hizo nao ulikuwa na watumwa kwa maelfu, wengi wao wenye asili ya Afrika, na kwamba mafundi wa kila aina, wachoraji wakiwamo, waliwatumikisha katika karakana zao.

Nianze na bwana, maana kazi unayojifunza wewe ni yake. Velázquez alibatizwa Seville tarehe 6 Juni 1599, na alipokuwa bado mtoto baba yake alimkabidhi kwa mchoraji Francisco Pacheco kwa mkataba wa miaka sita, akae nyumbani kwa mwalimu, ale na alale huko, na afundishwe kazi yote bila kufichwa. Mwaka 1617 alifaulu mtihani wa chama cha wachoraji na kupewa ruhusa ya kufungua karakana yake. Mwaka uliofuata Pacheco akamwoza binti yake, Juana. Mimi Pacheco huyo namheshimu. Hakuwa mchoraji wa kushangaza, lakini alitambua kwamba mwanafunzi amempita, akalisema hilo waziwazi badala ya kumkandamiza, na wewe unajua ni mafundi wangapi wa cherehani wasioliweza jambo hilo.

Katika picha za ujana wake kuna moja ya mzee muuza maji wa Seville, aliyoichora akiwa na umri wa miaka 20 hivi, ambayo sasa iko London. Niliikuza kwenye simu hadi macho yakauma. Mtungi mkubwa ulio mbele una matone ya maji yanayoteremka ubavuni. Ndani ya bilauri mna tunda la tini, lililowekwa ili maji yapate ladha. Na mzee amevaa joho la kahawia lililochakaa, shati jeupe likionekana ndani yake. Kijana wa miaka 20 angeweza kumchekesha mtazamaji kwa mzee huyo, kama wachoraji wengi wa wakati huo walivyowafanyia maskini, lakini yeye alimpa uso wa jaji. Tangu siku hizo jicho lake lilikuwa hivyo, na sidhani lilibadilika.

Mwaka 1623 aliitwa Madrid, akamchora mfalme kijana, Felipe wa Nne, na kabla mwaka haujaisha akawa mchoraji wa mfalme kwa mshahara wa dukati 20, sarafu za zama hizo, kwa mwezi. Usidhani cheo hicho kilimweka juu sana. Miaka michache baadaye alipoongezewa posho ya kila siku, kiasi kilikuwa sawa na kile cha vinyozi wa mfalme, na hata alipopandishwa vyeo vilikuwa vyeo vya nyumba: mlinzi wa mlango wa chumba, msimamizi wa mavazi, na hatimaye, mwaka 1652, msimamizi mkuu wa malazi ya kasri, mtu anayeulizwa kuhusu kuni, mazulia, na nani alale chumba gani. Ndiyo maana mtu aliyeishi miaka 61 na kupewa kipaji kile aliacha picha zisizozidi 120 au karibu na hapo. Uliwahi kuniambia kwamba ajira ya kudumu itakupa nafasi ya kuchora kwa utulivu. Yeye aliipata, na ikamla mchana kutwa.

Lakini picha za mfalme zina jambo litakalokupendeza. Mwaka uleule wa 1623 sheria ya kuzuia anasa ilikataza zile kola pana za mikunjo iliyotiwa wanga, na mfalme mwenyewe akaanza kuvaa kola ndogo, ngumu, isiyo na pambo. Kwa mshonaji hasara ni kubwa. Kwa mchoraji ni bahati, kwa kuwa uso ulitoka kwenye sinia lile la kitambaa ukabaki peke yake juu ya nguo nyeusi. Na katika picha ya mfalme aliyesimama wima, iliyopo makumbusho ya Prado mjini Madrid, ukitazama vizuri unaona chini ya rangi miguu na joho vilivyokuwa mahali pengine, kwa sababu Velázquez alirudi miaka kadhaa baadaye akaichora upya juu ya ile ya kwanza. Alifumua na kushona tena, na alama za uzi wa awali hazikufutika. Nilifurahi kuziona, sitakuficha.

Katika kasri hilo waliishi pia mbilikimo na wachekeshaji, watu waliolishwa na kuvishwa ili wakubwa wa kasri wacheke nao au wawacheke. Mmoja wao, Sebastián de Morra, Velázquez alimketisha sakafuni, miguu imenyooshwa mbele hadi soli za viatu zinatukabili, ngumi zote mbili amezikunja tumboni, naye anatutazama kama mtu aliyechoka kuulizwa. Hakuna kiti, hakuna pambo, hakuna mzaha. Nimeziweka picha hiyo na ile ya mfalme pamoja kwenye meza ya kukatia, na sikuona kwamba mmoja ametazamwa kwa uangalifu zaidi kuliko mwenziwe.

Sasa turudi Roma. Velázquez alikwenda Italia kwa mara ya pili mwaka 1649, akitumwa na mfalme kununua sanamu na picha, na Pareja alikuwa pamoja naye. Antonio Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Uhispania mwaka 1724, anasimulia kwamba kabla ya kumchora Papa Innocent wa Kumi, Velázquez alitaka kuuzoeza mkono kwa kuchora kichwa cha mtu aliye hai, akamchagua Pareja. Picha ilipokwisha alimpa Pareja mwenyewe aipeleke kwa rafiki zake waitazame, na wale watu wakasimama wakiangalia picha na mwenye picha, wasijue wazungumze na yupi na yupi atawajibu. Tarehe 19 Machi 1650, siku ya Mtakatifu Yosefu, ikatundikwa Pantheon, hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa, mbele ya wachoraji wa mataifa mbalimbali, na yasemekana walikubaliana kwamba picha nyingine zote, za kale na za wakati huo, ni uchoraji, bali hii ndiyo ukweli.

Fikiria siku hiyo, mwanangu, upande wa Pareja. Watu wote wa sanaa wa Roma wanausifu uso wake, nao ni uso wa mtu anayeweza kuuzwa. Kichwa amekiinua kidogo, mkono mmoja umepita mbele ya tumbo ukishika joho, macho hayaombi kitu. Nami nimekiona sasa kile kiwiko: penye mkono uliokunjwa kuna doa jeupe, kama kitambaa kimekwisha na shati la ndani linachungulia. Kola ni ya kung'aa, kiwiko kimechakaa. Fundi akiletewa nguo hiyo ataelewa mara moja kwamba aliyeivaa huegemea meza ya kazi kila siku. Velázquez angeweza kulipitisha brashi doa hilo likafunikwa, lakini aliliacha, na naamini aliliacha kwa makusudi.

Papa naye alichorwa kwa jicho lilelile: koti fupi la atilasi nyekundu, nguo ya kitani nyeupe yenye lesi, kiti cha mahameli, na katikati ya wekundu huo wote uso wa mzee asiyemwamini mtu. Inasimuliwa kwamba alipoiona alisema ina ukweli kupita kiasi. Hata hivyo aliipokea, na bado iko Roma, katika jumba la ukoo wake wa Doria Pamphilj.

Hati ya kumwacha huru Pareja ilisainiwa Roma tarehe 23 Novemba 1650, miezi minane baada ya siku ya Pantheon, tena kwa sharti kwamba aendelee kutumika miaka minne. Hapo ndipo ninapogombana na Velázquez, na sitaki unitulize kwa kuniambia kwamba ndizo zilikuwa zama zao. Mtu asiyeona angesamehewa. Huyu aliona kila kitu, alikiona hata kiwiko, akakichora kiwiko kwa haki yake yote, kisha akaweka brashi chini na kumwagiza mwenye kiwiko akaoshe vibao vya rangi. Mkono ulikuwa umekwisha kutoa heshima mwezi Machi. Kalamu ikangoja hadi Novemba, na uhuru wenyewe ukangoja hadi mwaka 1654.

Jambo la ajabu ni kwamba naye alikuwa na aibu yake. Alitamani kuwa mshujaa wa Shirika la Santiago, chama cha heshima cha watu wa ukoo bora Uhispania, na sheria za shirika hilo ziliwakataa waliowahi kujipatia riziki kwa kazi ya mikono. Mashahidi 148 walihojiwa juu ya ukoo wake na maisha yake, na wachoraji wenzake, Zurbarán na Alonso Cano miongoni mwao, wakashuhudia kwamba hakuwahi kuwa na duka wala kuuza picha ili apate kula, ingawa kile cheti cha mwaka 1617 kilimpa ruhusa hiyohiyo. Hata baada ya ushahidi wote huo baraza halikuridhika na ukoo wake, ikabidi Papa wa wakati huo atoe kibali, na mwezi Novemba 1659 mfalme akampa cheo. Msalaba mwekundu wa shirika hilo unaouona kifuani mwake katika ile picha kubwa ya mwaka 1656, Las Meninas, aliposimama na brashi mkononi karibu na binti mfalme Margarita, uliongezwa baadaye. Nilipousoma mkasa huu nilikumbuka mteja mmoja aliyeniita "fundi tu" mbele ya watu huku amevaa gauni nililomshonea mimi, nikacheka peke yangu.

Mwisho wake ulikuwa mfupi. Mwaka 1660 alisimamia malazi na mapambo ya msafara wa mfalme hadi mpakani mwa Ufaransa, binti mfalme María Teresa alipokabidhiwa kwa mfalme wa huko, Louis wa Kumi na Nne, awe mkewe, akarudi Madrid akiwa amechoka, akaugua, na tarehe 6 Agosti akafariki. Juana alimfuata baada ya siku nane.

Pareja alibaki Madrid akiwa mchoraji huru. Ile picha uliyonitumia ilinunuliwa mnadani London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni 2, na sasa iko katika makumbusho ya Metropolitan jijini New York, lakini mimi natafuta nyingine: Wito wa Mtakatifu Mathayo, aliyoichora Pareja mwenyewe mwaka 1661 na ambayo iko Prado. Nimesoma kwamba upande wa kushoto kabisa amejichora amesimama, anatutazama, na ameshika karatasi yenye jina lake. Kwenye simu yangu sehemu hiyo inatoka na ukungu. Ukipata mahali pa kuichapisha vizuri huko Dar es Salaam, nichapishie kwa ukubwa wowote utakaouweza, uifunge kwenye kadibodi kama ile ya kwanza, umpe dereva wa basi la Jumamosi. Nataka kuona mikono ya nguo aliyojivisha mwenyewe.

Baba yako anakusalimu sana.

Mimi mama yako