Risala ya kikundi cha kutunza mikoko kwa mgeni rasmi, Siku ya Mikoko Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, wazee wetu, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Waliobaki, habari za asubuhi, ingawa jua limeshatupita.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tarehe 26 Julai hapa Kilwa. Pili tunakushukuru wewe kwa kuja mwenyewe. Miaka mingine hutujia wawakilishi, nao, pamoja na heshima zao, huwa hawana mamlaka ya kuahidi wala ya kutimiza.

Mheshimiwa, historia ya kikundi ni ndefu, lakini kwa kujali muda wako: tulianza wachache, tukaongezeka, tukasajiliwa. Mafanikio ni makubwa. Tumepanda mikoko, michu na mikandaa kwa maelfu, na ile iliyosalimika na mawimbi inaonekana hata ukiwa barabarani. Tuna bango la kisasa. Tuna choo cha matundu mawili kilichobakiza milango tu.

Mheshimiwa, yule kiumbe ambaye watoto wamekuonyesha kwenye ndoo, aliyejiviringisha mkia kwenye kidole cha mwanafunzi asitake kuachia, ndiye farasi wa bahari. Maji yakijaa atarudishwa kwake. Ni samaki, ingawa hana magamba. Hana tumbo la kuhifadhi chakula, kwa hiyo hushinda akifyonza vijidudu vya majini. Mimba hubeba dume, jambo ambalo akina mama wa kikundi wameniagiza nilitamke kwa sauti. Kuogelea hajui sana. Kinga yake ni kushika mzizi wa mkoko au jani la nyasi bahari na kutulia. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imeiweka aina hii, iitwayo kuda kwa jina la kitaalamu, kwenye kundi la walio hatarini, na tangu 2004 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unataka kibali kwa anayetaka kumuuza nje ya nchi.

Kibali hakizuii kokoro. Sheria inalikataza, lakini wenye makokoro huja usiku, wakazungusha wavu kandokando ya mikoko na kuukokota mpaka ufukweni pamoja na nyasi na kila kilichozishika. Dagaa na vidagaa vya changu huenda sokoni. Farasi wa bahari huanikwa juani karibu na majongoo bahari, kumsubiri mnunuzi ambaye sisi hatujawahi kuonyeshwa kibali chake. Tunawafuata kwa mtumbwi wa kasia. Wao wana mashine. Tukifika tunakuta tope limevurugika na nyasi zinaelea.

Hapa ndipo penye ombi letu, mheshimiwa, na ni moja tu. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi boti ya doria, tukapiga makofi. Boti ilikuja, tunashukuru sana, ila ilikuja bila mashine. Aliyemfuata alisema boti bila mashine ni mapambo, akaahidi mashine katika bajeti inayofuata, tukapiga makofi zaidi. Bajeti ile imepita, na nyingine baada yake. Wa tatu aliomba apigwe picha akiwa amesimama ndani ya boti. Picha ni nzuri, ipo ofisini. Kuku wa mwenyekiti sasa wanatagia humo, na hatuwalaumu.

Hatuombi gari, hatuombi semina, na posho tumeshazoea kukosa. Tunaomba mashine ya nguvu za farasi 15, hata iliyotumika, maboya ya kuvaa, na mafuta ya kuanzia. Vijana wa kuiendesha wapo. Fundi yupo, amekaa safu ya pili, na amekuja na spana zake.

Boti yenyewe iko nyuma ya turubai hilo. Tumewahamisha kuku na kuipaka rangi kwa heshima yako. Pilau ya pweza iko tayari, lakini tunakuomba kwanza ukaitazame, kisha utakaporudi hapa utuambie tarehe. Si mwaka wa fedha, mheshimiwa. Tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi