Laktomita haioni bakteria

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea maziwa katika kituo cha kukusanyia cha wafugaji wadogo hapa Tanga, na kila asubuhi huyanusa, huyatumbukizia laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, kisha huyachanganya na spiriti kwa kiasi sawa nione kama yataganda. Wanywaji wengi, na hata baadhi yetu tulio kazini, hudhani kuwa maziwa yaliyovuka hapo ni salama.

Laktomita humfichua aliyeongeza maji, naye akiwa mjanja wa kuengua krimu kwanza, haimwoni. Spiriti huonyesha maziwa yaliyokwisha kuanza kuchacha, yaani bakteria wamepata muda wa kugeuza sukari yake kuwa asidi. Maziwa ya jioni yaliyolala katika dumu la plastiki lisilosuguliwa vizuri, kisha yakachanganywa na ya asubuhi, huweza kuvuka vipimo vyote viwili na baadaye yakaharibu tangi zima.

Ninachopendekeza ni kipimo cha resazurini, rangi ya buluu inayobadilika bakteria wanapokuwa wengi, angalau mara moja kwa wiki kwa kila mfugaji. Mililita 10 za maziwa hutiwa mililita 1 ya rangi hiyo, na chupa ikakaa katika maji ya nyuzijoto 37 kwa dakika 10. Buluu ikibaki, bakteria ni wachache. Ikigeuka waridi, wamezidi. Ikipotea kabisa, maziwa hayo hayafai. Matokeo yaguse malipo, kwa maana leo tunanunua lita tu, na anayeosha kiwele na kusugua dumu hupata bei ileile ya asiyejali.

Hata hivyo, rangi hiyo haitambui brusela (ugonjwa wa mifugo unaoambukiza binadamu) wala kifua kikuu cha ng'ombe, ambavyo haviyabadilishi maziwa ladha wala sura. Kwa brusela kipo kipimo cha pete, kinachofanywa kwenye maziwa yaliyochanganywa ya kundi zima, nacho huwaelekeza wataalamu wa mifugo kwenye zizi la kufuatilia. Kuchemsha, basi, kunabaki palepale.

Nilipolitoa wazo hili kituoni, nilijibiwa kwamba wafugaji watahamia kwa wachuuzi wasiopima. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu kituo kimoja hakiwezi kuanza peke yake: vyama vya ushirika vya wilaya nzima vikubaliane tarehe moja, na wachuuzi wenye leseni wapimwe kwa rangi hiyohiyo.

Wako,
Mpokeaji maziwa,
Tanga