Mbwa Mwenye Hina Miguuni

Maskati

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, joto tu ndilo limetuzidi. Mama mpe shikamoo yangu.

Juzi tulikwenda kulala Sharqiya, jangwani huku huku Oman, kwa jamaa za mume wangu, Mabedui. Tumekaa hemani twanywa kahawa, mara akaingia mbwa. Nikakusanya buibui langu. Bibi mwenye hema akanishika mkono: "Huyu si kalbu, mwanangu. Huyu saluki." Kalbu kwa Kiarabu ni mbwa, na saluki ni mbwa wao wa kuwinda. Mbwa wengine hukaa nje na mbuzi, lakini saluki hulala ndani na watoto, na jina lake ni hurr, yaani muungwana.

Shoga, ungemwona! Kiuno kimeingia, mbavu unazihesabu, masikio yana nywele laini kama hariri. Akauinua mguu, nikaona hina. Nilidhani ni mchezo wa watoto, kumbe wazee huwapaka makusudi ili nyayo zikaze, zisipasuke kwa mawe na mchanga wa moto. Katikati ya vidole ana manyoya, nayo yanamkinga.

Mzee akatuhadithia uwindaji wa zamani. Saluki alipakiwa juu ya ngamia asichoke njiani, ndege kozi akarushwa angani. Kozi akishamwona swala humbabaisha kwa mbawa, ndipo saluki anaachiwa. Huyu hawindi kwa kunusa, huwinda kwa macho na mbio. Nikaikumbuka Suratul Maida, ile aya ya 4 tuliyoisoma chuoni, inayohalalisha mawindo ya wanyama waliofundishwa. Miaka yote hiyo nimeisoma, sikuwahi kumwona mwenyewe mfundishwa.

Kilichoniuma ni swala. Bunduki na magari vimewapunguza mno, na sasa kuwawinda ni marufuku, na ni haki iwe hivyo. Huko Abu Dhabi saluki hushindanishwa mbio, wakifukuza sanamu ya swala inayovutwa na gari. Mzee hashindani. Kila alfajiri huwatoa saluki wake wakimbie tu, naye hukaa juu ya tuta akiwatazama mpaka warudi. Nilikaa naye. Hatukusema neno.

Jike lao lina mimba, na Bibi ametuahidi mtoto mmoja. Kwa desturi yao saluki hauzwi, hutolewa zawadi, na mimi nimeshakubali. Mweleze Mama taratibu, nawe ukija Disemba niletee hina ya kwetu, ya majani, isiyotiwa dawa.

Ni mimi shogayo