Mheshimiwa, gunia langu limevaa kilemba

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Kwa umri wewe ni rika la mwanangu wa tatu, na mtaani mimi ndiye ningeitikia marahaba, lakini cheo nacho kina shikamoo yake. Jina lako silitaji kwa makusudi. Ukihamishwa, mwenzako atairithi barua hii pamoja na kiti.

Naandika kuhusu lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo na kuuzwa kwa bei ya gunia moja. Usigune kwanza. Najua umeshaipiga marufuku. Aliyekutangulia naye aliipiga marufuku, na aliyemtangulia yeye vilevile, kila mmoja upya, kana kwamba katazo la mwenzake lilikuwa limepitwa na tarehe kama dawa ya dukani. Sheria yenyewe ipo, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100. Huku milima ya Uporoto namba hiyo tunaijua vizuri sana. Muulize mtoto wa darasa la pili gunia lina kilo ngapi, atakujibu mia. Kisha atageuka kumsaidia baba yake kushindilia.

Sijui kama umewahi kuiona lumbesa ikizaliwa. Tajiri anakuja na magunia yake mwenyewe, ya kwetu hayataki, anasema madogo. Gunia linasimamishwa, linajazwa viazi mpaka mdomoni. Kijana mmoja analikumbatia na kulitikisa kama anamwamsha mlevi, viazi vinashuka, nafasi inapatikana, vinaongezwa vingine. Hapo mtu mwenye akili zake angeshona. Sisi ndipo tunaanza. Linachanwa gunia kuukuu, linazungushwa mdomoni kama kola ya shati, linashonwa kwa sindano ndefu, halafu viazi vinapangwa kimojakimoja, kwa mkono, taratibu, kama fundi anapandisha mnara wa kanisa. Juu kabisa kamba inasukwa kama wavu. Hicho ndicho kilemba. Likikamilika, gunia lina mabega, lina shingo, lina kichwa, bado kidogo lidai namba ya NIDA.

Bei yake? Ya gunia moja.

Msimu uliopita nikasema liwalo na liwe. Nikaazima mzani wa kuning'iniza kwa jirani anayenunua maharage, tukaufunga kwenye boriti ya banda, vijana wanne wakaliinua gunia. Mshale ukakimbia: 60, 80, 100, ukagota ukingoni, ukabaki unatetemeka. Mzani ule mwisho wake ni 100. Yaani kijiji kizima, kilichokuwa kinatii sheria ni mzani peke yake. Ikabidi tulifumue tulipime mara mbili: 97, kisha 46. Tajiri alikuwa amesimama palepale anatafuna hindi la kuchoma. Akautazama mshale, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, mzani wako mbovu." Akalipa gunia moja. Kilo 43 zikasafiri bure, kama mtoto wa kupakatwa kwenye basi. Mke wangu kwa mazoea akamwambia ndaga fijo, na njia nzima ya kurudi nyumbani tukawa tunabishana tulikuwa tunashukuru nini.

Sasa lifuate gunia hilo barabarani. Fuso likitoka Uyole kwenda Dar es Salaam linakutana na mizani Makambako, linakutana nayo tena Wenda pale Iringa, likiteremka Morogoro linaikuta Mikese. Gari linapimwa, ekseli zinasomwa, likizidi ni faini. Sibishi, lami ni mali yetu sote. Lakini hebu angalia kichekesho kilivyokaa: uzito wa gari unajulikana, na dereva wake, na turubai lake, na utingo aliyelala juu ya mzigo. Katika safari nzima asiyejua ameuza kilo ngapi ni yule aliyelima.

Usidhani nimekuja kukulaumu, maana hata ushuru mnapunjwa. Kwenye geti moja, silitaji, kijana wa ushuru alipanda garini akahesabu vilemba kwa kidole: moja, mbili, tatu. Nikamwambia, kijana wangu, hapa kila moja ni karibu moja na nusu. Akanijibu kwa upole tu, "Mzee, mashine haina nusu." Ikatema risiti. Gunia moja kwenye sheria, gunia moja kwenye risiti, na juu ya gari wamekaa watu wazima wenye vilemba.

Na sisi si malaika, niseme kabla hujaambiwa na wengine. Katikati ya gunia tunaficha viazi vidogo vya mbegu, na ukichimba sana utakutana na udongo wa Uporoto wenyewe. Tajiri analijua hilo, ndiyo maana anadai kilemba. Sisi tunajua anadai kilemba, ndiyo maana tunaficha vidogo. Tumeendelea hivyo kwa heshima kubwa miaka mingi.

Wakati mwingine nadhani ni maradhi ya nyanda hizi, jina kwenda huku na kitu kwenda kule. Uwanja wa ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Ulianza kupokea ndege mwaka 2012, Mkoa wa Songwe ukamegwa mwaka 2016, uwanja ukabaki kwetu na jina la jirani. Kimondo cha Mbozi nacho, tulichokaririshwa shuleni kuwa kiko Mbeya, kimehamia Songwe bila kusogea hata inchi moja. Uzito wake? Wengine wanaandika tani 12, wengine 16. Hizo nne za katikati, kwa hesabu ya huku kwetu, ni kilemba.

Basi ombi langu, Mheshimiwa, ni dogo. Lumbesa usiipige marufuku tena, imeshazoea. Tuletee mzani. Usiuweke barabara kuu, huko gunia linafika likiwa limeshalipwa na mwenye kiazi yuko nyumbani anakunywa chai. Uweke pale tunapopakilia, kichochoroni, kwenye tope, na usome mpaka 200 ili usituaibikie kama ule wa maharage. Bei itajwe kwa kilo. Kilemba kikilipiwa, sisi wenyewe tutakishona vizuri zaidi, hata kwa uzi wa rangi.

Ukitaka kuja kuona, njoo saa 12 asubuhi kabla Fuso halijaondoka. Vaa mabuti, gari lako acha kwenye lami. Viazi vya kuchemsha vitakuwepo, na chumvi, na chai ya hapahapa Rungwe. Hatutavipima.

Wako mtiifu,
Mkulima wa viazi mviringo, Uporoto

N.B. Kama mzani utakuwa mkubwa kweli, ukimaliza kwetu upitishe Ndolezi, wakakipime na kile kimondo.