Hela nimetuma, ila ni ya chemchem sio ya ramli

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Msomee mama barua yote, na baba mdogo akiwepo asiondoke kabla hujamaliza maana mengi yanamhusu yeye.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kwamba vuli imechelewa, mahindi yameanza kujikunja, na baba mdogo anataka laki mbili aitwe yule mzee wa Korogwe apige ramli ajulikane nani kafunga mvua. Alafu eti nikikataa nisijifanye msomi kwa sababu na mimi huku China nimekuja kusomea uganga. Dada hilo neno limeniuma, sikulala. Miaka mitatu nasoma historia na maandishi ya kale kwa Kichina, lugha ambayo nilikuja sijui hata salamu yake, leo naitwa mganga na mtu aliyenibeba mgongoni.

Sasa baba mdogo nisikilize. Mwezi uliopita tulipelekwa Anyang, huku huku mkoa wa Henan, kwenye mji wa wafalme wa Shang, ukoo uliotawala China zamani sana. Kama miaka 3,200 iliyopita mfalme Wu Ding alikuwa anauliza mambo kwa mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumbo la kobe, wanachimba vishimo kwa nyuma, wanaweka moto, mfupa unapasuka, wanasoma ule ufa. Aliuliza mvua, mavuno ya mtama, mpaka jino likimuuma anauliza ni babu yupi kakasirika. Mama hapo najua umetikisa kichwa, ni kama kwetu kabisa. Na hawakuwa malaika, walichinja hadi watu kwa ajili ya mizimu, hilo sifichi. Ila waliuliza pande mbili, itanyesha, haitanyesha, na mara nyingine wakachonga pale pale kwenye mfupa kilichokuja kutokea, hata kama mfalme alikosea. Baadae wakulima waliikuta ardhini ikawa inauzwa kama mifupa ya joka, watu wanaisaga wanakunywa dawa, mpaka 1899 bwana mmoja anaitwa Wang Yirong akatambua kuwa ni maandishi. Yaani watu walikuwa wanameza barua za babu zao.

Baada ya mifupa wakaja na vijiti. Vinashikwa 50, kimoja kinawekwa pembeni, 49 vinagawanywa na kuhesabiwa mara 18 mpaka unapata mchoro wa mistari sita, na michoro yote ipo 64, imo kwenye kitabu chao cha kale kinaitwa Yijing. Imejengwa kwa vitu vinane tu, mbingu, ardhi, ngurumo, upepo, maji, moto, mlima na ziwa. Hakuna jina la jirani humo, wala hakuna mchawi, unaulizwa tu wewe umesimama wapi kati ya hivyo vitu na wakati wenyewe ni upi. Mchoro wa tano ni mawingu yamepanda juu lakini mvua bado, na maelezo yake yanasema mtu mwenye busara hapo anakula na kunywa. Anangoja, hatafuti wa kumlaumu.

Alafu kuna wa 48, kisima. Huu ndo nilipewa nieleze mbele ya darasa zima, Wachina wenyewe wamekaa wananisikiliza, nikaeleza dakika ishirini bila karatasi na mwalimu akaniomba nirudie kipande ili wengine waandike. Mama, siku ile nilitamani ungekuwepo. Maandishi yanasema mji unaweza kuhamishwa, kisima hakihamishwi. Mchoro wenyewe juu ni maji na chini ni ule upepo, ambao humo unasomwa pia kama mti. Nilipofika hapo sauti ilinikwama maana nilimuona babu kakaa chini ya mkuyu pale chemchem na kile kibuyu chake, na nikakumbuka kwamba baba mdogo unataka kuuza lile eneo, na mnunuzi kashasema mkuyu atakata apande mikaratusi. Mikaratusi baba mdogo! Inavyokunywa maji ile! Hapo mvua nani kaifunga?

Mstari wa kwanza wa huo mchoro unasema kisima chenye tope hakinywewi. Wa nne unasema kisima kinajengewa kuta, hakuna lawama. Kwa hiyo laki mbili nimetuma, kwa namba yako dada, inunue simenti, mawe yapo mtoni, fundi awe Shabani. Chemchem ijengewe, mkuyu usiguswe. Baba mdogo ukikubali kusimamia nitaongeza ya fundi mwisho wa mwezi, nakuomba sana, sikuamrishi.

Mimi mzima, baridi imeanza ila nina koti. Huku ngano imeshaota, mashamba ya kijani mpaka macho yanachoka, hakuna kilima hata kimoja, nawakumbuka hadi ukungu wa asubuhi. Mama goti vipi? Nitumie picha ya chemchem, na mama awe amesimama pembeni.

Mdogo wako