KUH: KUKATWA MARA MBILI KWA HATI ILIYOFUNGULIWA MARA MOJA

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bi,

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza mlizijibu kwa namba ya malalamiko, na namba hailipi kodi ya duka.

Nina saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, na kwenye huduma yenu mnapaswa kunikata shilingi 20 kwa kila hati ninayofungua. Lakini nikifungua PDF ndani ya kivinjari, salio langu linapungua shilingi 40 badala ya 20. Hati ndefu imewahi kunila 60. Nikiishusha kwanza kwenye kompyuta ndipo niifungue, mnakata 20 tu. Nimejaribu Chrome, nikajaribu Firefox, kwenye kompyuta tatu. Mwezi huu mmenikata shilingi 1,860 zisizo zenu, na picha za skrini ninazo.

Jumanne nilipiga simu nikaweka spika, mikono ikiwa kwenye printa. Kijana wenu akanijibu, "Mathe, unabofya mara mbili. Bofya polepole." Wateja wanne walikuwa kwenye kaunta.

Jioni nilibonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za ukaguzi za kivinjari, nikaangalia maombi yanavyopita kati ya kivinjari na seva yenu. Nimebofya mara moja. Kivinjari kinaomba faili, seva yenu inajibu 200, yaani sawa, faili hili hapa. Kisha kisomaji cha PDF, ili kionyeshe ukurasa wa kwanza bila kungoja faili lote, kinarudi kuomba vipande, na seva yenu inajibu 206, yaani kipande cha faili lile lile. Mita yenu inahesabu kila kipande kuwa hati mpya! Vivinjari vimeundwa kufanya hivyo, na mafundi wenu wanajua. Tozeni mbofyo wa mteja, msitoze kila ombi linalobisha kwenye seva.

Tena wiki moja kabla ya simu hiyo ya Jumanne, mwenzake kijana huyo alikuwa ameniambia kipanya changu ni kibovu. Nikashuka Luthuli, nikanunua kingine kwa shilingi 700. Mkaendelea kukata.

Ndiyo maana yale maneno ya Jumanne yananichoma mpaka leo. "Mathe, bofya polepole." Kisha akamgeukia mwenzake bila kuziba simu: "Ni yule mama wa saiba tena." Wakacheka. Mteja aliyekuja kuchapa mkataba wa nyumba aliinamisha macho, akajifanya anatafuta chenji. Miaka 15 nimewafundisha watu kutumia kompyuta hapa Tom Mboya, leo nafundishwa kubofya.

Naomba mnirudishie shilingi 1,860. Na 700 za kipanya. Na kijana huyo anipigie mwenyewe aombe radhi, nami nitaweka spika. Kagueni pia akaunti za wateja wengine, maana sidhani niko peke yangu.

Nisipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa saa kumi jioni, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na hapo nitadai pia gharama na fidia. Msinitumie namba nyingine.

Wenu mteja (kwa sasa),
Mama wa saiba